Mguu Unalia, Aliyeumia ni Mgongo

Kiatu ndicho kilichobeba lawama kwanza. Ukingo wa nje wa unyayo wangu wa kulia, kuanzia kisigino hadi kidole cha mwisho, ulikuwa unawaka kama nimekanyaga majivu ya moto, na usiku kigimbi cha mguu huohuo kilikaza mpaka naruka kitandani. Viatu vya mtumba nilivyovitoa soko la Mlango Mmoja, hapa Mwanza, nikavigawa, nikanunua vingine. Nikachuliwa kwa mafuta ya moto na bibi mmoja wa Igogo mwenye vidole kama koleo. Duka la dawa wakaniuzia vidonge, kisha sindano, kisha vidonge vya rangi nyingine. Mguu ulinyamaza siku tatu, ukarudi na hasira.

Siku mambo yalipofumbuka, mguu wenyewe karibu haukuguswa. Mtaalamu wa fiziotherapia, kijana ambaye ningeweza kumzaa, aliniambia, "Mzee wangu, shika ukuta, simama kwa mguu wa kushoto peke yake, halafu nyanyuka kwa vidole mara kumi." Nikanyanyuka zote kumi. "Haya, wa kulia." Mara ya kwanza nilipanda. Ya pili kisigino kilitoka sakafuni kidogo tu. Ya tatu hakikutoka kabisa. Wala hakukuwa na maumivu. Nilikuwa naamuru na mguu hausikii. Akanikalisha, akagonga kwa kinyundo cha mpira nyuma ya kifundo. Kushoto unyayo uliruka. Kulia, kimya. Ndipo akauliza swali ambalo kwa miezi yote ile hakuna aliyeniuliza: "Mgongo ulikuuma lini?"

Uliniuma, ndiyo. Muda mfupi kabla ya mguu kuanza, nilikuwa soko la samaki la Mwaloni Kirumba namsaidia shemeji kupakia dagaa. Nikainua gunia huku nimejipinda, nikasikia kitu kama kamba ikikatika kiunoni. Nililala siku mbili, kiuno kikaachia, nikasahau. Sikuona sababu ya kumtajia mtu mgongo wakati kinachoniuma ni unyayo.

Maneno mawili yanayotupoteza

Kwa hili Kiswahili chetu nacho kina lawama kidogo. Mguu kwetu unaanzia nyongani na kuishia kwenye kucha. Mtu akifika kwa daktari akasema "mguu unauma", amemwambia karibu sawa na kusema anaishi Mwanza: Mwanza ipi, Nyegezi au Ukerewe? Paja, goti, muundi, kigimbi, kifundo, kisigino, unyayo na vidole vyote vimekaa ndani ya neno moja, na kila sehemu ina orodha yake ya magonjwa.

Neno la pili ni baya zaidi: mshipa. Kinachopitisha damu ni mshipa. Kinachopeleka hisia na amri kutoka kwenye ubongo nacho ni mshipa, mshipa wa fahamu, au neva kama wanavyosema shuleni. Kano inayoshika msuli kwenye mfupa, wengi wetu tunaiita mshipa vilevile. Na juu ya hayo kuna "mshipa" ule wa vijiweni, yaani ngiri, ambao wauza dawa za mitaani wameupa kazi ya kusababisha kila kitu kuanzia kiuno kuuma hadi ndoa kuvunjika. Kwa hiyo jirani akikwambia "hiyo ni mishipa tu", amekutajia magonjwa manne yasiyohusiana na hajakosea hata moja.

Humu nitasema mshipa wa damu pale ninapokusudia damu, na neva pale ninapokusudia fahamu. Tofauti hiyo ndiyo nusu ya kazi yote.

Umewahi kugonga kiwiko kwenye pembe ya meza? Shoti inapigwa wapi? Kwenye kidole cha mwisho, ilhali kilichogongwa ni kiwiko na kidole hakikuguswa. Neva inayotoka kidoleni inapita nyuma ya kiwiko karibu kabisa na ngozi, na ikigongwa njiani ubongo hausomi mahali ilipogongwa, unasoma inakotoka. Miaka yote ubongo umezoea kwamba habari za njia hiyo ni habari za kidole, basi unakilaumu kidole.

Mguu nao ni hivyo, ila njia yake ni ndefu. Neva za miguu zinatoka sehemu ya chini ya mgongo. Uti wenyewe, ule uzi mnene wa fahamu ulioning'inia kutoka kwenye ubongo, kwa mtu mzima unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kutoka hapo kwenda chini ni fungu la nyuzi lililowakumbusha wataalamu wa zamani mkia wa farasi, na jina hilo limebaki nalo mpaka leo. Nyuzi hizo zinachomoka mbili mbili, kushoto na kulia, kwenye matundu kati ya pingili. Kadhaa kati yao zinaungana kuwa neva ya siatika, neva nene kuliko zote mwilini, inayopita ndani ya tako na kushuka nyuma ya paja. Ikibanwa pale inapochomokea, kiuno kinaweza kuuma kidogo au kisiume kabisa, huku unyayo ukiwaka moto.

Kinachoibana mara nyingi ni diski, ule mto ulio kati ya pingili na pingili. Fikiria tairi la baiskeli: nje mpira mgumu wenye nyuzi, ndani tyubu laini. Tairi likichanika ubavuni, tyubu hutokeza kijivimbe. Diski nayo ikichanika, ute wa ndani hutokeza, na kama umetokeza upande wa neva, ndiyo habari yenyewe. Karibu mara zote kwa kiuno hutokea kwenye diski mbili za chini kabisa, zile zinazobeba mzigo mkubwa kuliko zote. Hili leo kila mwanafunzi wa udaktari analijua, lakini si la kale sana. Ni mwaka 1934 ndipo madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, walipochapisha maelezo ya wagonjwa wao na kuonyesha kwamba diski iliyopasuka ndiyo iliyokuwa ikibana neva. Kabla ya hapo siatika, yaani maumivu ya neva hiyo, ilitupiwa baridi, yabisi na mengineyo. Kwa hiyo yule bibi wa Igogo, aliyeniambia nimelala kwenye sakafu yenye baridi, alikuwa na wenzake wengi Ulaya.

Uzuri ni kwamba kila mzizi wa neva una eneo lake mguuni, na ramani hiyo haitofautiani sana baina ya mtu na mtu. Wa nne wa kiuno unahudumia upande wa ndani wa muundi na kusaidia goti. Wa tano unapita nje ya muundi na kumwagika juu ya unyayo hadi kidole gumba. Ukibanwa, kidole gumba kinakosa nguvu ya kunyanyuka, na wakati mwingine unyayo wote unaning'inia, kandambili inavuka mguuni bila mwenyewe kujua. Unaofuata, wa kwanza chini ya kiuno, unashuka nyuma ya paja, unapita kigimbi na kuishia ukingo wa nje wa unyayo na kidole cha mwisho. Ndio unaonyanyua kisigino, na ndio unaojibu kinyundo cha nyuma ya kifundo. Kijana yule alikuwa anasoma ramani tu. Hakuwa na mashine yoyote.

Kuna dalili nyingine zinazouelekeza mkono kwenye mgongo. Maumivu yanashuka kwa mstari, upande mmoja, na ukikohoa au kupiga chafya yanaruka mguuni. Kukaa kunayazidisha, na ndiyo maana bodaboda aliyeshinda juu ya pikipiki, au abiria wa basi la Dar es Salaam, hulalamika zaidi kuliko mtembea kwa miguu. Na ukilala chali mtu akakunyanyulia mguu ulionyooka, mguu haujafika mbali utasikia umeme ukishuka kupita goti.

Kuhusu MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, sina ugomvi nayo, ila watu wanauza ng'ombe kwa ajili yake wakidhani picha itamaliza ubishi. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za zaidi ya watu 3,000 ambao mgongo haukuwa ukiwauma. Diski zilizotokeza zilionekana kwa asilimia 30 ya wenye miaka 20, na asilimia 84 ya wenye miaka 80. Wote wazima, wanatembea. Picha ikionyesha diski imetokeza kushoto na mguu unaouma ni wa kulia, picha haijakusaidia kitu. Inasaidia pale inapokubaliana na ulichokieleza na alichokipima daktari kwa mikono yake, na inakuwa ya lazima pale upasuaji unapofikiriwa au dalili zinapotisha.

Kilima cha Mabatini kama kipimo

Sasa kuna jambo ambalo wakazi wa Mwanza tumepewa bure na hatulitumii. Mji wetu umejengwa juu ya mawe. Bugarika, Mabatini, Igogo, Isamilo: nyumba zimepanda kilima mpaka gari haliwezi kufika, na kila siku kuna watu wanashuka na kupanda kwa miguu wakiwa na ndoo, mikaa au mtoto mgongoni. Kilima hicho kinaweza kutenganisha magonjwa mawili yanayofanana kama mapacha.

Chukulia wazee wawili wa Mabatini, majirani. Wote wanasema maneno yaleyale: "Nikitembea kidogo vigimbi vinakaza na kuuma, nasimama, vinaachia, naendelea." Wa kwanza amevuta sigara miaka mingi na ana presha. Anasema kupanda ndiko kunakomuua. Hafiki nusu ya kilima. Kushuka hakumsumbui sana. Na akishikwa na maumivu hahitaji hata kukaa, akisimama wima dakika moja au mbili yanaisha. Wa pili ni kinyume kabisa. Kupanda anaweza, tena akiwa ameinama mbele na mikono imeshika magoti. Kushuka ndiko kunakomtesa, na hata kusimama tu kwenye foleni ya maji kunamtesa. Kusimama wima hakumsaidii; lazima akae kwenye jiwe au ainame. Cha ajabu, akipanda baiskeli anafika Buzuruga kwa ndugu yake bila shida yoyote.

Wa kwanza ana tatizo la damu. Mishipa ya damu ya miguu imeziba kidogo kidogo kwa mafuta na ugumu. Msuli ukifanya kazi unadai damu zaidi, na kupanda kilima kunadai zaidi kuliko kushuka. Damu isipofika, msuli unalia. Ukipumzika, deni linalipwa. Mguu wa namna hii mara nyingi ni wa baridi, malaika ya muundini yamepukutika, na ukiweka vidole juu ya unyayo huoni mapigo.

Wa pili ana tatizo la mgongo. Kwa umri, mfereji unaopitisha zile nyuzi za mkia wa farasi umekuwa mwembamba: mifupa imeota vijipembe, diski zimebonyea, kano zimenenepa. Ukijinyoosha au kujiegemeza nyuma, kama mtu anavyofanya anaposhuka kilima, mfereji unazidi kubana. Ukiinama mbele unapanuka. Ndiyo maana kupanda kilima, kusukuma mkokoteni na kuendesha baiskeli ni nafuu kwake. Mapigo ya unyayo wake yapo, na mguu una joto.

Ukimpa huyu dawa ya yule, umepoteza muda wa wote wawili. Na yule wa kwanza hatari yake si mguu peke yake, kwa sababu mishipa ya damu iliyoziba mguuni ina ndugu zake moyoni na kichwani. Anahitaji kuacha sigara na kutibiwa presha na mafuta. Na kutembea pia. Ndiyo, kutembea mpaka paume, kupumzika, kisha kuendelea, ni sehemu ya dawa yake.

Kuhusu kigimbi kukaza usiku

Hili lina imani nyingi kuliko ushahidi. Umelala, unajinyoosha, unyayo umeelekea chini kama wa mtu anayeogelea, ghafla kigimbi kinakuwa jiwe. Kwa watu wengi, hasa waliopita miaka 50, na kwa wajawazito, chanzo hasa hakipatikani na hakuna ugonjwa uliojificha. Kinachoonekana ni kwamba neva inayoamuru msuli inapiga amri mfululizo bila breki, na msuli uliochoka au uliokaa ukiwa umefupishwa unakuwa mwepesi kukubali.

Dawa ya papo hapo kila mvuvi anaijua hata bila kufundishwa: vuta vidole kuelekea muundini, au simama, kanyaga kisigino chini, egemea ukuta. Ukiunyoosha msuli, unaachia. Uholanzi, mwaka 2012, walijaribu hilo kwa watu 80 waliozidi miaka 55. Walionyoosha vigimbi na nyuma ya mapaja kila usiku kabla ya kulala kwa wiki sita waliamshwa mara chache kuliko wasionyoosha. Ni dakika chache, hazina gharama.

Ndizi je? Wengi wanaambiwa wamepungukiwa potasiamu wakale ndizi. Potasiamu ikishuka kweli misuli inasumbuka, lakini wengi wanaokaza usiku ukiwapima damu wako sawa. Na kama ndizi ingekuwa dawa, huko ng'ambo ya ziwa kwa watani zetu Wahaya pasingekuwa na mtu anayeruka kitandani ameshika kigimbi. Magnesiamu nayo imejaribiwa mara nyingi kwa wazee, haikuonyesha msaada wa maana. Jasho jingi ni jambo jingine: mbebaji wa Mwaloni aliyeshinda juani bila maji anaweza kukaza misuli mchana, na huyo anahitaji maji, chumvi kidogo na kivuli.

Kisha kuna kwinini. Sisi tunaijua kwa malaria na kwa masikio kuvuma. Kwa miaka mingi Wazungu waliimeza kwa ajili ya kigimbi kukaza, na inapunguza kweli, kidogo. Lakini inaweza kuangusha chembe za kugandisha damu na kuvuruga mapigo ya moyo, mpaka mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2006 ikaamuru kwinini zisizosajiliwa ziondolewe sokoni, na mwaka 2010 ikarudia kuonya isitumike kwa kazi hiyo. Usimruhusu mtu akuandikie kwinini kwa sababu ya kigimbi.

Maumivu ya kukaza yanapostahili kuchunguzwa ni pale yanapokuja na kitu kingine. Ulianza dawa ya presha ya kukojoza, au ya kushusha mafuta, kisha vigimbi vikaanza? Mwambie aliyekuandikia. Figo zina tatizo? Mguu unakosa nguvu, una ganzi, unakonda? Hapo tunarudi mgongoni, kwa sababu neva iliyobanwa na kuudhiwa ni nepesi kupiga amri za hovyo, na wenye mfereji mwembamba wa mgongo wanakaza vigimbi usiku kuliko wenzao. Na kama kigimbi kimoja kimevimba, kina joto na kinauma hata ukikigusa, hasa baada ya upasuaji, kujifungua au safari ndefu ya basi, usikichue. Damu inaweza kuwa imeganda ndani, na bonge likichomoka linakwenda mapafuni.

Pale mguu wenyewe unapokuwa na hatia

Nisije nikaonekana nimeutwika mgongo kila kesi. Kisigino kinachouma kama msumari kwenye hatua za kwanza asubuhi, kisha kinapungua ukizunguka, karibu kila mara ni utando mgumu wa chini ya unyayo, unaotoka kisiginoni hadi vidoleni. Unachoka kwa kusimama kutwa kwenye sakafu ngumu, kwa uzito, kwa kandambili nyembamba kama karatasi. Wauza samaki na wanaosimama viwandani wakikata minofu wanaujua. Kunyoosha kigimbi na unyayo, kiatu chenye soli ya kutosha, na subira ya miezi. Wengi wanapona ndani ya mwaka.

Kidole gumba kilichovimba ghafla usiku, chekundu, kinachowaka hata shuka likigusa, kifikirie jongo. Bia na nyama havimsaidii mwenye jongo, ingawa kosa kubwa mara nyingi ni la figo kushindwa kutoa asidi ya yuriki.

Linaloniogopesha zaidi ni moto wa nyayo zote mbili kwa pamoja. Neva ya mgongoni kwa kawaida hushika mguu mmoja na mstari mmoja. Sukari hushika miguu yote miwili kuanzia vidoleni, kama mtu anayevaa soksi: kwanza sisimizi, kisha moto usiku, kisha ganzi inapanda. Ganzi ndiyo hatari. Mtu anafurahi kwamba maumivu yameisha, kumbe neva zimekufa. Anakanyaga mwiba wa samaki asubuhi na kugundua jioni kwa harufu au kwa damu kwenye soksi. Kidonda hicho ndicho kinachopeleka watu kukatwa. Kwa mwenye moto wa nyayo mbili, kipimo cha kwanza ni sukari, si MRI.

Gongo nyingi hufanya vivyo hivyo. Isoniazidi ya kifua kikuu pia, na ndiyo sababu unapewa vitamini B6 pamoja nayo. Usiitupe ukidhani ni nyongeza ya bure. Wenzetu waliotumia ARV za zamani wanakumbuka stavudini na miguu iliyowaka moto. Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe mwaka 2009.

Na sindano za makalio. Neva ya siatika inapita humo ndani, na sindano ikichomwa chini sana au katikati inaweza kuigusa au kuimwagia dawa. Afrika Mashariki tumeona watoto waliochomwa kwinini takoni wakabaki na unyayo unaoning'inia. Mahali salama ni pembe ya juu, upande wa nje. Mimi mwenyewe nilichomwa ngapi kwa ajili ya mguu ambao hata haukuwa na kosa?

Ziwa nalo lina neno lake

Kuna sababu za mgongo ambazo kitabu kilichoandikwa London kitazitaja ukurasa wa mwisho, lakini hapa ziwani hazistahili kuwekwa mwisho. Kichocho tunakifahamu kwa tumbo na kwa choo chenye damu. Mayai ya kichocho cha utumbo, kile cha Ziwa Viktoria, mara chache hupotea njia yakaingia kwenye uti wa mgongo. Huanza na maumivu ya kiuno, yanashuka miguuni, kisha ndani ya siku au wiki chache miguu inalegea na mkojo unagoma. Mara nyingi mgonjwa ni kijana mzima aliyekulia majini. Kikiwahiwa kinatibika, kwa prazikwanteli, vidonge vilevile wanavyomezeshwa watoto shuleni, pamoja na dawa za kutuliza uvimbe wa uti. Kikicheleweshwa, miguu inaweza isirudi.

Kifua kikuu nacho hakikai kifuani tu. Kinakula pingili taratibu, mgongo unauma usiku na mchana, mtu anakonda, anatoka jasho usiku, mwisho kibiongo kinachomoza na miguu inakufa. Daktari Mwingereza Percivall Pott alikieleza mwaka 1779 na bado kipo.

Kwa walaji wa udaga wa muhogo nitaongeza moja. Mwaka 1985, Tarime, mkoa wa Mara, watu walikakamaa miguu yote miwili ghafla na kubaki wakitembea kwa vidole maisha yao yote. Ni konzo, sumu ya muhogo mchungu uliokaushwa haraka bila kuvundikwa vya kutosha wakati wa njaa. Mama zetu hawakuwa wakipoteza muda walipouacha ukae.

Kwa nini nahangaika hivi kutenganisha? Kwa sababu dawa moja inaweza kufanya kazi kwa huyu na isimfae yule. Pregabalini inapunguza moto wa neva zilizoharibiwa na sukari. Mwaka 2017 watafiti wa Australia waliijaribu kwa wagonjwa 209 wa siatika, na waliopewa hawakupata nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa; walipata kizunguzungu zaidi. Moto ni uleule, chanzo ni tofauti.

Ukienda kwa daktari, basi, vua viatu na uonyeshe kwa kidole kimoja. Sema mguu mmoja au yote. Sema ni moto, ganzi, kukaza au kukosa nguvu, maana hivyo ni vitu vinne. Sema kupanda na kushuka kilima kukoje. Na utaje mgongo hata kama ulishapona. Lakini kama sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli zimekufa ganzi, mkojo umegoma au haja inatoka bila taarifa, au miguu yote inalegea, usisubiri kliniki ya Jumatatu. Nenda hospitali kubwa siku hiyohiyo, hata usiku, kwa sababu mkia wa farasi ukibanwa kiasi hicho, saa zinahesabiwa. Vilevile mguu uliogeuka ghafla kuwa baridi na mweupe.

Wangu haukufikia huko. Niliambiwa nisilale kitandani, nitembee, nisiiname na mzigo, na kwamba diski nyingi hujinywea zenyewe. Wengi wanapata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12. Mimi nilichelewa, ikachukua zaidi. Moto wa unyayo umebaki kama kumbukumbu tu, unakuja nikikaa sana. Asubuhi nashika ukuta uleule wa jikoni na kuhesabu: kushoto kumi, kulia leo nimefika nane. Kinyundo bado hakijibiwi, na kijana ameniambia huenda kisijibiwe tena.